Masomo ya tarakilishi yalivyowapandisha ngazi wauguzi bila kufunga zahanati

Na MWANDISHI WETU

MWAJIRI mwenye upungufu wa wafanyakazi hujikuta katika njia panda kila linapozuka suala la mafunzo. Akimwachilia mfanyakazi aende chuoni kuongeza ujuzi, kazi inakwama. Akimzuia, ujuzi unapitwa na wakati na huduma inazorota.

Kiwandani, hasara ya hali hiyo huhesabiwa kwa shilingi. Katika zahanati yenye muuguzi mmoja, huhesabiwa kwa maisha ya watu.

Ndiyo sababu mpango wa kuwafunza wauguzi wa Kenya kwa njia ya tarakilishi, ulioanzishwa mwaka wa 2005, ungali na mengi ya kuwafaa waajiri wa leo, wawe wa umma au wa kibinafsi. Mpango huo ulionyesha yale ambayo masomo ya mtandaoni yanaweza kutenda pale ambapo wafanyakazi ni haba. Vilevile, ulidhihirisha yale yasiyoweza kutendwa na tarakilishi hata ziwe nyingi kiasi gani.

Hesabu ya miaka 220

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wauguzi wengi humu nchini walikuwa wa ngazi ya cheti. Hao ndio waliokuwa uti wa mgongo wa zahanati na vituo vya afya mashambani. Waliwazalisha kina mama, wakawachanja watoto, wakatoa dawa na kuweka rekodi. Mara nyingi hapakuwa na daktari wa kuwaelekeza.

Hata hivyo, masomo waliyopata wengi wao yalikuwa ya enzi nyingine. Ugonjwa wa Ukimwi ulikuwa umebadilisha kabisa kazi ya uuguzi, na dawa za kupunguza makali ya virusi zilikuwa zimeanza kuwafikia wagonjwa wengi. Kifua kikuu kisichosikia dawa za kawaida nacho kilikuwa kimeongeza wasiwasi.

Hata malaria, ugonjwa uliojulikana miaka nenda miaka rudi, ulikuwa na kanuni mpya. Mwaka wa 2004 serikali iliamua kuacha dawa ya SP kama tiba ya kwanza na badala yake kutumia dawa mseto zenye artemisinini, ambazo zilianza kusambazwa vituoni mwaka wa 2006. Muuguzi aliyehitimu miaka 15 awali hangeweza kutegemea madaftari yake ya chuoni.

Ilikubaliwa kwamba wauguzi wa cheti wapandishwe hadi ngazi ya stashahada, yaani wawe wauguzi waliosajiliwa. Waliolengwa walikuwa takriban 22,000.

Hapo ndipo hesabu ilipogoma. Kwa mfumo wa kawaida wa kukaa darasani, vyuo viliweza kuwapandisha ngazi wauguzi 100 hivi kwa mwaka. Kwa kasi hiyo, kazi ingechukua miaka 220. Wengi wangestaafu na kuiaga dunia kabla ya zamu yao kufika.

Hata kama nafasi zingepatikana vyuoni, swali lingesalia: nani angebaki na wagonjwa? Mwaka wa 2006, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba ulimwengu ulipungukiwa na wahudumu wa afya milioni 4.3. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi 57 zilizotajwa kuwa na uhaba mkubwa, na 36 kati ya hizo zilikuwa za Afrika kusini mwa jangwa la Sahara. Kuwatoa wauguzi wodini kwa maelfu kungekuwa sawa na kuziba tundu moja kwa kutoboa jingine.

Darasa karibu na wodi

Suluhisho lilikuwa kulipeleka darasa alipo mwanafunzi. Shirika la AMREF, lililoasisiwa Nairobi mwaka wa 1957 na ambalo wengi hulifahamu kwa huduma ya madaktari wa ndege, lilishirikiana na Baraza la Wauguzi, Wizara ya Afya, vyuo vya mafunzo ya uuguzi na kampuni ya Accenture kuandaa masomo hayo. Lengo lilikuwa kupunguza ile miaka 220 hadi 5.

Utaratibu wenyewe ulikuwa rahisi kueleza. Masomo ya stashahada yaligawanywa katika sehemu ndogo ndogo ambazo mwanafunzi angeweza kuzisoma peke yake kwenye tarakilishi. Kila sehemu ilikuwa na maelezo, michoro na maswali ya kujipima. Vituo vyenye tarakilishi vilifunguliwa katika hospitali na vyuo vya uuguzi katika mikoa yote 8 ya wakati huo, na baadaye idadi yake ikapita 100.

Muuguzi alibaki kazini na kuendelea kupokea mshahara wake. Alipomaliza zamu, au siku yake ya mapumziko, alikwenda kituoni kusoma. Alilojifunza jioni aliweza kulitumia asubuhi iliyofuata mbele ya mgonjwa. Hiyo ni faida ambayo mwanafunzi wa darasa la kawaida huisubiri hadi muhula uishe.

Ikumbukwe kwamba mpango huo ulianza kabla ya intaneti ya kasi kufika nchini. Nyaya za kwanza za mawasiliano zipitazo chini ya bahari zilifika Mombasa mwaka wa 2009. Kabla ya hapo, Kenya ilitegemea setilaiti, ambazo gharama yake ilikuwa kubwa na kasi yake ndogo. Kwa sababu hiyo, masomo yalihifadhiwa pia kwenye diski, ili kituo kisicho na mtandao kisiachwe nyuma.

Uamuzi huo unafaa kuzingatiwa. Waandalizi hawakuuliza ni teknolojia gani ya kisasa zaidi iliyokuwa ikiuzwa duniani. Waliuliza ni ipi ambayo ingefanya kazi mahali muuguzi alipokuwa.

Isitoshe, tarakilishi haikuachiwa kazi yote. Hakuna anayejifunza kumzalisha mama kwa kutazama kioo. Wanafunzi walikuwa na walimu wa kuwaongoza, walitakiwa kufanya mazoezi hospitalini chini ya usimamizi, na mwishowe walifanya mtihani wa Baraza la Wauguzi. Mtihani huo ndio uliozima shaka za waliodhani kwamba stashahada ya tarakilishi ingekuwa ya daraja la pili.

Kilichofaulu na kilichokwama

Maelfu ya wauguzi walijiunga na masomo hayo na wengi wakahitimu bila vituo vyao kufungwa. Hata hivyo, lengo la kuwafikia wote 22,000 katika miaka mitano halikutimia. Ni muhimu kuelewa sababu, kwani vikwazo vya aina hiyo hukumba mafunzo ya mtandaoni popote yanapoanzishwa.

Kikwazo cha kwanza ni ugeni wa chombo. Kwa mtu wa makamo ambaye hajawahi kugusa tarakilishi, wiki za mwanzo huishia katika kujifunza kuiendesha wala si katika somo lenyewe. Mwajiri asiyetenga muda wa matayarisho hayo huwapoteza wanafunzi kabla hawajaanza.

Cha pili ni umbali na umeme. Kituo kilicho katika makao makuu ya wilaya kinamfaa muuguzi wa mjini. Yule wa zahanati ya mbali anahitaji nauli na siku nzima ya safari, naye ndiye anayehitaji ujuzi huo zaidi.

Cha tatu, na kilicho kizito kuliko vyote, ni wakati. Masomo ya mtandaoni husifiwa kwa kuwa hayamwondoi mfanyakazi kazini. Lakini saa za kusoma hazitoki hewani. Mwajiri asipozitoa katika saa za kazi, zinatoka katika usingizi wa mfanyakazi na katika muda wake na watoto. Karo nayo isipolipwa na mwajiri, hutoka katika mshahara uleule.

Mwajiri anaweza kudhani kwamba amepata mafunzo ya bure. Ukweli ni kwamba gharama imehamishwa tu. Muuguzi aliyekesha zamu ya usiku kisha akasoma hadi adhuhuri atarudi wodini akiwa amechoka, na atakayelipia uchovu huo ni mgonjwa.

Ujuzi si idadi

Jambo jingine ni kwamba mafunzo hayaongezi mikono. Muuguzi mmoja wa cheti akipata stashahada, angali muuguzi mmoja. Atamtambua mapema mama aliye hatarini na atatoa dawa sahihi, ila hawezi kuwa katika wodi mbili kwa wakati mmoja.

Kenya imeshuhudia kinaya hiki kwa miaka mingi: hospitali zinalia kwa uhaba ilhali wauguzi waliohitimu wako nyumbani wakitafuta kazi, kwa sababu bajeti ya kuwaajiri haitoshi. Mwaka wa 2017, miaka minne baada ya huduma nyingi za afya kukabidhiwa serikali za kaunti, wauguzi walikaa kwenye mgomo kwa takriban miezi mitano wakidai utekelezaji wa makubaliano kuhusu maslahi yao. Hakuna somo la mtandaoni ambalo lingeutatua mgogoro huo.

Aidha, ujuzi humfungulia mtu milango mingine. Mwaka wa 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuwawezesha wauguzi wa Kenya kwenda kufanya kazi huko. Mwajiri anayempandisha mfanyakazi ujuzi lakini akamwacha kwenye cheo na mshahara wa zamani asishangae akipokea barua ya kujiuzulu.

Funzo kwa waajiri

Yaliyojiri katika uuguzi yamekuwa na manufaa kwingineko. Janga la Covid-19 lilipobisha hodi nchini mwaka wa 2020, wahudumu wa afya ya jamii walifunzwa kuhusu ugonjwa huo kupitia jumbe fupi na sauti kwenye simu za kawaida, bila kulazimika kuwa na intaneti. Kanuni ilikuwa ileile ya 2005: tumia chombo ambacho mfanyakazi tayari anacho.

Kwa mwajiri anayefikiria kufuata njia hii, hatua ya kwanza ni kutambua upungufu wenyewe. Ikiwa anakosa watu, aajiri. Ikiwa watu wapo ila ujuzi haupo, hapo masomo ya mtandaoni yana nafasi. Wanaochanganya mambo haya mawili hutumia fedha nyingi na kubaki palepale.

Pili, atenge saa za masomo katika ratiba ya kazi, hata zikiwa chache kwa wiki. Kikundi kidogo kikisoma kwa zamu, kazi haisimami na hakuna anayelazimika kukesha kila siku.

Tatu, amteue mtu mwenye uzoefu wa kusimamia mazoezi. Fundi wa mitambo, mhasibu na muuguzi wote huhitaji mtu wa kuwaambia walipokosea.

Nne, ahakikishe cheti kinatambuliwa na chombo kinachosimamia taaluma husika. Mtandao umejaa kozi ambazo hazimsaidii mtu kupanda hata ngazi moja.

Waajiri wa Kenya pia wakumbuke kwamba wao hutozwa ada ya mafunzo ya Sh50 kila mwezi kwa kila mfanyakazi, inayoendea Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA). Anayelipa ada hiyo anaweza kuomba kurejeshewa gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa. Ni hasara kulipa ada na kutodai haki hiyo.

Mwisho, mfanyakazi aelezwe mapema atakachopata akihitimu: cheo, nyongeza ya mshahara au majukumu mapya. Wauguzi walioanza masomo mwaka wa 2005 walijua walikokuwa wakielekea, kwani stashahada ilikuwa na jina, mtihani na leseni. Mfanyakazi wa leo anayeombwa kutoa jioni zake kwa ajili ya masomo anastahili kuelezwa kwa uwazi uo huo, na aelezwe kabla hajaketi mbele ya tarakilishi.