Chicha na maganda ya Makadara yageukapo gesi

Mazungumzo ya mabadiliko ya tabianchi yanapoanza hapa Mombasa, watu hutaja moshi wa matatu, malori ya bandarini na viwanda vya Changamwe. Ni nadra kusikia mtu akitaja chicha. Lakini chicha za nazi, maganda ya ndizi na mihogo, matumbo ya samaki na wali uliolala ni sehemu ya tatizo hilo, na ndiyo sehemu ambayo sisi wakaazi wa Makadara tunaweza kuishughulikia bila kungoja mkutano wowote wa ng'ambo.

Tazama jiko la kawaida la mtaani petu. Nazi ikishakamuliwa tui hubaki chicha na kifuu. Samaki akiparuliwa hubaki magamba na matumbo. Vyote hutiwa mfuko mmoja pamoja na chupa za plastiki na nepi za mtoto, mfuko ukafungwa, ukawekwa nje. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2018 ilikadiria kwamba katika nchi zenye kipato kama chetu, zaidi ya nusu ya taka za mijini ni mabaki ya chakula na majani. Kwa hivyo kitu kikubwa zaidi ndani ya mfuko ule ni kile kinachooza.

Zamani taka nyingi za kisiwani zilimwagwa Kibarani, kando ya mkono wa bahari wa Makupa, hadi jaa lile likafungwa na miti ikapandwa. Siku hizi tunazungumzia Mwakirunge, upande wa Kisauni. Kisiwa kimepumua, lakini taka hazikupungua. Zimehamia mlangoni kwa wenzetu.

Gesi yenyewe hutokea hivi. Ganda la ndizi likianguka chini ya mwembe hupata hewa. Vijidudu hulila taratibu, likawa udongo, na gesi itokayo ni hasa hewa ukaa. Ganda lilo hilo likifunikwa na lori baada ya lori la taka, hewa haifiki. Hapo hushika kazi vijidudu vingine visivyohitaji oksijeni, navyo hutoa methani. Kwa kawaida, karibu nusu ya gesi itokayo ndani ya jaa ni methani. Haina rangi wala harufu. Uvundo tunaousikia ni wa gesi nyingine zinazoandamana nayo. Tena huwaka, na hiyo ni sababu moja ya moto wa jaa kuwa mgumu kuzima.

Ukipima kwa kipindi cha miaka 20, methani huongeza joto la dunia zaidi ya mara 80 kuliko hewa ukaa ya uzito ule ule. Habari njema ni kwamba haidumu: baada ya miaka 12 hivi nyingi yake huwa imekwisha angani, ilhali hewa ukaa hukaa kwa karne. Anayepunguza methani leo ataona nafuu yake katika uhai wake. Kwa watu wa pwani, ambao mwaka 1998 tulishuhudia joto la bahari likiua matumbawe mengi, hilo si jambo dogo.

Na hatari nyingine haingoji joto la dunia. Agosti 2024, jaa la Kiteezi la jiji la Kampala liliporomoka baada ya mvua kubwa, likafukia nyumba za jirani na kuua watu zaidi ya 30. Rundo la taka mbichi zilizolowa maji huwa zito na tepetevu. Kila ndoo ya maganda isiyofika jaani huupunguza mlima huo.

Dawa yake haihitaji mitambo ya ajabu. Maganda yakichanganywa na vitu vikavu kama majani, vumbi la mbao au maboksi yaliyochanwa, yakageuzwa mara kwa mara ili yapate hewa, na unyevu ukawa kama wa kitambaa kilichokamuliwa, baada ya miezi michache huwa mboji. Jirani zetu wa Dar es Salaam wana kiwanda cha namna hii Mabwepande, wilaya ya Kinondoni, kilichojengwa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg ili kugeuza taka za masokoni kuwa mbolea. Wakulima wa Kwale na Kilifi wanaonunua mbolea ya magunia kwa bei ya juu wangeipokea mboji ya Mombasa kwa mikono miwili.

Najua nyumba zetu ni za ghorofa na ua ni mdogo. Si kila mtu ataweza kutengeneza mboji. Kwa maoni yangu tuanze na wanaotoa taka nyingi kwa pamoja: wauza mboga na matunda wa Marikiti, hoteli, wauza madafu, na majiko ya harusi na futari. Taka zao ni nyingi, ziko mahali pamoja, na hazijachanganyika sana na plastiki. Majumbani kinachotakiwa ni ndoo mbili, moja ya vinavyooza na moja ya visivyooza.

Sheria tayari ipo. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza, na kazi ya kuzoa taka ni ya kaunti kwa mujibu wa Katiba. Wala tusiambiwe kwamba Wakenya hawabadiliki. Agosti 2017 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, akina mama walirudi kwenye vikapu.

Kuna jambo moja linaloweza kuua juhudi zote. Mama akitenga vizuri, kisha akaona ndoo zake mbili zikimwagwa ndani ya lori moja, mwezi wa pili hatatenga tena, na hatakuwa na makosa. Kwa hivyo, mwakilishi wetu wa wadi akija kuomba kura au kusikiliza kero, tusimuulize tu gari la taka litakuja lini. Tumuulize gari la maganda litapita siku gani, na litayapeleka wapi.