Hakuna Pepa Iliyovuja, Sista

Ujumbe uliingia saa tano usiku, kama ilivyo kawaida ya jumbe za namna hii. "Shikamoo Sista. Nimesikia unafundisha watu wa kwenda nje. Una maswali?"

Hakuuliza aanzie wapi, wala kama Kiingereza chake kinatosha. Anataka maswali. Na anayeuliza si mtoto wa shule. Ni muuguzi mwenye leseni, amekaa wodini miaka mitano, amewahi kuzalisha mapacha kwa mwanga wa simu umeme ulipokatika. Ukimwambia mtu huyo kwamba kuna mzizi sokoni unatibu kisukari, presha na ukimwi kwa pamoja, atacheka mpaka ashike mbavu. Ukimwambia pepa ya NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi Marekani, imevuja, anatoa elfu thelathini bila kuomba hata risiti.

Swali hili nimelijibu kwa simu mpaka nimechoka, basi leo nalijibu hadharani. Sina maswali. Na huyo aliyekwambia anayo, naye hana.

Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kunitumia faili alilonunua kwenye kundi la WhatsApp. Juu limeandikwa "NCLEX 2024 original". Ndani ni kurasa za kitabu zilizopigwa picha kwa simu. Kwenye kurasa kadhaa kidole gumba cha mpiga picha kimeingia kwenye kona. Nikalifungua, nikakutana na swali hili: mtu mzima moyo umesimama, muuguzi yuko peke yake, akandamize kifua mara ngapi kabla ya kupuliza pumzi mbili? Jibu limezungushiwa wino mwekundu: mara 15. Uwiano huo kwa mtu mzima uliachwa mwaka 2005. Tangu hapo ni 30 kwa 2; ile 15 kwa 2 imebaki kwa watoto, tena pale waokoaji wanapokuwa wawili. Kwa hiyo "pepa ya 2024" ilitoka kwenye kitabu ambacho, kama kingekuwa mwanafunzi wa sekondari, kingeshamaliza chuo.

Kurasa chache mbele kuna mgonjwa anayetumia digoxin, mapigo yake ya moyo ni 52 kwa dakika. Jibu la faili: mpe dawa, kisha mjulishe daktari. Nikampigia mwanafunzi wangu. Nikamuuliza, wodini ungefanya nini? Akajibu bila kusita: "Ningeizuia kwanza, mapigo yako chini ya 60, ndipo nimpigie daktari." Vizuri. Sasa kwenye mtihani ungejibu nini? Akanyamaza kidogo. "Lakini Sista, kwenye pepa wameandika tofauti."

Hapo ndipo hasara ilipo. Ile elfu thelathini ni hasara ndogo. Kubwa ni kwamba muuguzi mzima aliacha anachokijua akashika alichokinunua.

Tuje kwenye mtihani wenyewe. Tangu mwaka 1994 NCLEX hufanywa kwenye kompyuta, na kompyuta hiyo haina pepa moja ya kuvuja. Ina hazina kubwa ya maswali, kila moja limeshapimwa ugumu wake. Mabaharia wa pwani walikuwa wakipima kina cha maji kwa bildi, risasi iliyofungwa kwenye kamba: unatupa, unasoma, unasogea, unatupa tena. Kompyuta inakupima hivyo hivyo. Ukipata swali, linalofuata huwa gumu zaidi. Ukikosa, huwa jepesi zaidi. Na kila jibu linakadiria upya kina chako. Inasimama pale inapokuwa na uhakika wa asilimia 95 kwamba uko juu ya kiwango cha kufaulu au uko chini yake. Wewe na uliyekaa naye bega kwa bega hamfanyi mtihani mmoja. Hata mngetoka mkasimuliana maswali yote, hakuna anayejua ni yapi yatamwangukia wa kesho.

Maana yake pia ni kwamba ukiwa chumbani utahisi unafeli. Karibu kila mtu, awe hodari au dhaifu, anakosa takriban nusu ya maswali, kwa sababu mashine inakutafuta palepale unapoanza kuyumba. Aliyezoea mitihani yetu, ambamo aliyekremu anatoka akitabasamu, hapo ndipo anapovunjika moyo na kuanza kubahatisha.

Na kwa kuwa nimeshaanza, niue na nyoka wa pili: "Kompyuta ikizima kwenye swali la 85 umefaulu." Hapana. 85 ndicho kiwango cha chini, 150 ndicho cha juu, na muda wote ni saa tano. Kuzima mapema maana yake ni kwamba mashine imeridhika mapema, na inaweza kuridhika kwamba hujui. Tena kati ya hayo 85, 15 hayahesabiwi kabisa. Ni maswali mapya yanayofanyiwa majaribio kupitia wewe, na hutajua ni yapi.

Wapo wanaoniambia: sawa, Marekani ni ngumu, lakini Uingereza kuna njia. Mtihani wa kwanza wa baraza la Uingereza, NMC, kweli haujipandishi wala kujishusha kama ule wa Marekani; una maswali 15 ya hesabu za dawa na 100 ya nadharia. Njia ilipatikana Ibadan, Nigeria. Mwaka 2023 kampuni ya Pearson VUE inayosimamia mtihani huo iliona jambo la ajabu kwenye takwimu za kituo kimoja mjini humo: watu wanamaliza kwa muda mfupi usio wa kawaida. Hakuna aliyemfumania mtu na desa mkononi. Saa ya kompyuta ndiyo iliyosema. Waliokuwa wameshaanza kazi Uingereza wakaitwa kujieleza, na hata waliofanya mtihani kwa haki kwenye kituo hicho wakatakiwa kuurudia, huku kazi na jina lao vikiwa mashakani.

Marekani nako, Januari mwaka huohuo, serikali ilitangaza kesi ya vyuo vitatu vya Florida vilivyouza vyeti vya uuguzi zaidi ya 7,600. Takriban wanunuzi 2,400 walifaulu NCLEX baada ya hapo. Kufaulu hakukuwaokoa: majimbo yaliwafuata mmoja mmoja na kufuta leseni. Cheti cha kununua hakizeeki kikasahaulika. Kinakusubiri.

Sasa niseme mtihani unataka nini, maana hili ndilo hamniulizi. Chukua wagonjwa wanne. Wa kwanza amepasuliwa kidole tumbo jana, anasema maumivu ni nane kwa kumi. Wa pili ana nimonia, joto 38.9, anakohoa makohozi ya njano. Wa tatu ni kijana aliyevunjika mfupa wa paja jana. Ghafla amechanganyikiwa na anahema. Wa nne ana kisukari, anasubiri kufundishwa kujichoma insulini ili aende nyumbani. Unamwona nani kwanza?

Darasani kwangu wengi humkimbilia wa kwanza, na ninajua sababu. Wodi zetu zina wagonjwa arobaini na wauguzi wawili, na anayelia kwa sauti ndiye anayehudumiwa. Lakini maumivu siku moja baada ya upasuaji yanatarajiwa. Homa kwenye nimonia inatarajiwa. Kuchanganyikiwa ghafla na kuhema siku moja baada ya kuvunjika paja hakutarajiwi: huenda mafuta ya mfupa yameingia kwenye damu na kufika mapafuni. Huyo ndiye anayeweza kufa ukiwa unamchoma mwingine sindano ya maumivu. Swali halikuuliza jina la ugonjwa. Liliuliza kama una macho. Macho hayauzwi kwenye faili. Unayapata kwa kufanya maswali halali mengi, na kwa kila ulilokosa kuandika kwa mkono wako ni kwa nini ulilikosa.

Nami siongei kutoka mbinguni. Kwenye mtihani wa vitendo wa Uingereza, OSCE, nilianguka mara ya kwanza. Mtihani huo una vituo kumi; mimi nilikwama kwenye kutoa dawa. Nilisoma bangili ya jina, nikalinganisha na karatasi ya dawa, nikatoa dawa sahihi kwa kipimo sahihi. Sikumuuliza mgonjwa kama ana mzio. Miaka kumi na moja wodini, nikaangushwa na sentensi moja ambayo tangu chuo nilizoea kuiruka kwa sababu foleni ni ndefu. Hakuna pepa ingeniokoa, kwa maana swali nililijua. Sikuwa na mazoea.

Kizuizi kikubwa kuliko vyote, hata hivyo, mara nyingi si uuguzi. Novemba 2021 Waziri wa Afya wa Kenya wakati huo, Mutahi Kagwe, alisema kwamba kati ya wauguzi 300 waliopimwa Kiingereza ili waende Uingereza, walifaulu 10. Wauguzi hao walisoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi. Kwa hiyo wewe uliyesoma msingi kwa Kiswahili usinitafute kuhusu NCLEX kabla hujaandika insha mia moja na kusahihishwa.

Haya, upesi upesi. Uingereza: mtihani wa Kiingereza, IELTS ya Academic, 7 kila sehemu isipokuwa kuandika ambako 6.5 inatosha, au OET. Kisha mtihani wa kompyuta, kisha OSCE hukohuko. Tanzania iko kwenye orodha nyekundu, maana yake waajiri wao hawaruhusiwi kuja kukuwinda. Wewe kuomba kazi mwenyewe si kosa. Wakala wa Uingereza haruhusiwi kisheria kukutoza hela ya kukutafutia kazi. Na anayekuuzia viza mpya ya ulezi wa wazee anakuuzia hewa. Mlango huo ulifungwa kwa walio nje Julai 2025.

Marekani: chagua jimbo, vyeti vihakikiwe, NCLEX dola 200, cheti cha VisaScreen, kisha foleni ya viza inayoweza kula miaka. Ghuba: kampuni ya uhakiki, DataFlow, watakiandikia chuo chako, baraza lako na hospitali uliyofanya kazi wao wenyewe, kwa hiyo usiongeze hata mwezi mmoja kwenye uzoefu wako. Saudia na Oman mtihani ni wa kampuni ya Prometric. Ujerumani: Kijerumani mpaka kiwango cha B2, kisha kozi ya kujazia mapengo au mtihani wa ujuzi. Kokote uendako, barua ya uthibitisho kutoka Baraza la Uuguzi na Ukunga iombe mapema, na leseni yako ya hapa usiiache ikaisha muda. Ada hubadilika, zisome kwenye tovuti ya baraza husika, si kwenye kundi la WhatsApp.

Ukinitumia ujumbe saa tano usiku, nitumie swali ulilolikosa na sababu iliyokufanya uchague jibu lile. Hilo nitalijibu usiku huohuo.