Meza ya Serena na Kazi ya Kuzuia Chuki Isiue

Desemba 31, 2007, siku moja baada ya matokeo ya urais kutangazwa nchini Kenya na ghasia kuzuka, watu watano walikutana katika Hoteli ya Serena, Nairobi. Walikuwa Dekha Ibrahim Abdi, mpatanishi kutoka Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya. Balozi Bethuel Kiplagat. George Wachira, mtafiti wa masuala ya amani. Pamoja na majenerali wawili wastaafu, Daniel Opande na Lazaro Sumbeiywo. Sumbeiywo ndiye aliyesimamia mazungumzo yaliyozaa mkataba wa amani wa Sudan mwaka 2005. Opande alikuwa ameongoza walinda amani wa Umoja wa Mataifa Sierra Leone na Liberia. Wote walikuwa wamezoea kwenda kupatanisha kwa majirani. Sasa vita vilikuwa vimebisha hodi kwao.

Asubuhi baada ya asubuhi waliendesha kikao cha wazi hapo hotelini. Viongozi wa dini walikuja, wakaja wanahabari, wafanyabiashara na vijana. Aliyekuwa na habari za mtaa alizileta, na aliyekuwa na nambari ya simu ya mkubwa fulani alimpigia. Ilikuwa kazi njema, na ilisaidia kutayarisha njia ya upatanishi wa Kofi Annan uliofikia mkataba wa Februari 28, 2008. Hata hivyo Kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, liliteketezwa Januari 1, siku moja tu baada ya kikao cha kwanza, na ndani mlikuwa na wanawake na watoto waliokimbilia hifadhi. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia zile, ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Mabingwa wakiitwa damu ikiwa tayari imemwagika, kinachobaki kwao ni kuokoa waliosalia.

Dekha alilijua hilo kuliko wengi, kwa sababu alikuwa amejifunza kazi hii mahali ambapo hapakuwa na hoteli wala majenerali. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 koo za Wasomali wa Wajir zilikuwa zikiuana kwa sababu ya malisho, maji na siasa za uchaguzi wa 1992. Uhasama uliingia hadi sokoni, mwanamke wa ukoo huu asimuuzie wa ukoo ule maziwa. Yeye na wanawake wenzake walianzia hapo hapo sokoni. Waliweka wenzao wa kuangalia kwamba kila mama anauza na kununua bila kubaguliwa, na ugomvi ukizuka uletwe kwao upesi.

Kisha wakawafuata wazee. Wazee wa koo kubwa walikuwa hawaaminiani, kwa hiyo mzee wa ukoo mdogo, asiyetishia mtu, ndiye aliyepewa nafasi ya kuwasemesha. Mwaka 1993 likatoka Azimio la Al-Fatah, lililoweka kanuni za kurejesha amani na kulipia hasara. Baadaye vijana, wafanyabiashara na maofisa wa serikali wakaingia katika kamati moja, na zikitokea tetesi za wizi wa mifugo, timu ya wazee, akina mama, viongozi wa dini na maofisa wa usalama ilikwenda kabla vijana hawajashika bunduki. Kamati za amani za wilaya zilizoenea Kenya nzima zina asili yake hapo. Dekha alitunukiwa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, akafariki Julai 2011 baada ya ajali ya barabarani.

Naamini tumekosea kuhusu nani aitwe mtaalamu. Mama wa sokoni aliyesikia bei ya maziwa ikibadilika kwa sababu ya ukoo wa mnunuzi alikuwa na habari ambazo afisa wa ujasusi hakuwa nazo. Alichokosa ni mtu wa kumpa habari hizo, mwenye uwezo wa kutenda siku hiyo hiyo.

Mpango wa Uwiano, ulioanzishwa mwaka 2010 kabla ya kura ya maoni ya katiba, ulijaribu kuziba pengo hilo. Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, mtandao wa PeaceNet, kamati ya serikali ya kusimamia amani na shirika la UNDP waliketi pamoja. Mwananchi alituma arafa bure kwa 108, ujumbe ukachunguzwa, kisha ukafikishwa kwa kamati ya amani au polisi wa eneo lake. Agosti 4 mwaka huo Bonde la Ufa, ambako Kiambaa ipo, lilipiga kura kwa utulivu, ingawa sehemu kubwa yake iliikataa katiba ile.

Kabla ya uchaguzi wa 2013, watafiti wa kituo cha teknolojia cha iHub jijini Nairobi nao walianzisha mradi wa Umati, wa kufuatilia maneno ya chuki. Walisoma maandishi ya mitandaoni kwa Kikuyu, Kijaluo, Kiluhya, Kikalenjin, Kisomali, Kiswahili, Sheng na Kiingereza, wakitumia vipimo vya Susan Benesch, mtafiti Mmarekani: nani anasema, nani anasikia, anasema nini, nchi imepitia yapi, na maneno yanapita njia gani. Benesch alishirikiana pia na waigizaji wa mchezo wa runinga wa Vioja Mahakamani, vikatengenezwa vipindi vinne ambamo wachochezi wanafikishwa kizimbani. Hakimu na karani tuliowazoea sebuleni walimfikia mtu ambaye ripoti ya kitaalamu haitamfikia kamwe.

Lakini Julai 2022, wiki chache kabla ya kupiga kura, mashirika ya Global Witness na Foxglove yaliijaribu Facebook kwa matangazo yenye maneno ya chuki, kwa Kiswahili na Kiingereza. Yalikubaliwa, kisha yakaondolewa na waliofanya jaribio kabla hayajaonekana kwa umma. Kampuni yenye utajiri wote ule ilikuwa haina, kwenye mlango wa matangazo, msikilizaji anayejua maneno yanayoua Wakenya.

Na tusiwaangalie raia peke yao. Agosti 2017, baada ya uchaguzi, mtoto wa miezi sita alipigwa katika msako wa polisi Kisumu, akafariki. Meza ya amani inayopima midomo ya wananchi na kufumbia macho rungu la askari haiaminiki, na isiyoaminika haipewi habari.

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 2027. Kazi hii hupata fedha na vichwa vya habari miezi michache kabla ya kura, halafu husahauliwa. Serikali za kaunti zitenge fedha za kamati za amani kila mwaka wa bajeti, na nafasi za wanawake, vijana na watu wa jamii ndogo zisiwe za kujaza karatasi. Nawe msomaji, ulizia leo nani anakaa katika kamati ya eneo lako, na ukiona hawajakutana tangu uchaguzi uliopita, wadai waitishe kikao.