Furaha ya kila siku huanza na uamuzi wako

WATU wengi wanaoishi mijini hudhani furaha itawajia siku fulani: siku ya kupandishwa cheo, ya kumaliza deni la chama au ya kuhamia nyumba isiyokosa maji. Siku hiyo inapofika, furaha huja kweli, lakini haikawii kuondoka. Wataalamu wa saikolojia wanasema ndivyo binadamu alivyo. Huzoea upesi jambo jipya, kisha huanza kutamani jingine.

Kwa hivyo, anayetaka furaha ya kila siku hana budi kujifunza kuitafuta katika yale aliyo nayo tayari. Hii si kusema ujilazimishe kucheka wakati matatu imekwama Barabara ya Jogoo, mvua inanyesha na nauli imepanda maradufu. Una haki ya kukasirika. Lakini unaweza kuibeba hasira hiyo hadi ofisini, umfokee mwenzako, kisha urudi nayo nyumbani kwa watoto. Au unaweza kuiacha stejini. Hapo ndipo uamuzi wako ulipo.

Utafiti wasemaje?

Mnamo 2005, Profesa Martin Seligman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, na wenzake walichapisha matokeo ya zoezi rahisi. Washiriki waliandika kila usiku, kwa juma moja, mambo matatu yaliyowaendea vyema na sababu zake. Miezi sita baadaye walikuwa bado na furaha zaidi, hasa wale walioendelea kuandika kwa hiari yao.

Hapa nchini, watafiti wa shirika la Shamiri walifanya jaribio na wanafunzi 413 wa shule za upili wa Nairobi na Kiambu waliokuwa na dalili za mfadhaiko au wasiwasi. Baadhi yao walikutana kwa majuma manne, wakiongozwa na vijana waliokuwa wamemaliza shule, wakafundishwa kwamba mtu anaweza kubadilika, kwamba kushukuru kuna faida, na kwamba ni vyema kutambua unachothamini maishani. Matokeo yaliyochapishwa 2021 yalionyesha kuwa dalili zao zilipungua kuliko za wenzao waliofunzwa mbinu za kudurusu.

Anza hivi

Weka daftari karibu na kitanda. Kabla ya kulala, andika mambo matatu mema ya siku hiyo. Yawe madogo na ya hakika, kwa mfano, "mama mboga ameniongezea sukuma wiki", si maneno ya jumla tu.

Shuka steji moja kabla ya kwako na utembee. Mazoezi hupunguza dalili za huzuni. Lala angalau saa saba. Mpigie simu rafiki au jamaa bila kungoja msiba au harusi.

Usijidanganye, hata hivyo. Utafiti wa 2009 nchini Kanada ulionyesha kuwa watu wanaojidharau walijisikia vibaya zaidi waliporudia kujiambia kwamba wanapendeka. Sifa usizoziamini hazisaidii. Jambo dogo ulilolitenda mwenyewe lina nguvu zaidi.

Huzuni iliyo ugonjwa

Kuna huzuni isiyoondoka kwa uamuzi. Mtu akikaa majuma mawili au zaidi akiwa na huzuni karibu kila siku, hafurahii alichokipenda, usingizi na hamu ya chakula vimevurugika, na anajiona hana thamani, huenda ana ugonjwa wa mfadhaiko. Kumwambia "jikaze" ni sawa na kumwambia mwenye malaria aamue kutotetemeka. Tiba ipo, ya ushauri na ya dawa. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu.

Anayezungumza juu ya kujiua asiachwe peke yake. Apelekwe hospitalini mara moja. Familia nyingi zilikuwa zikificha jambo hili kwa kuogopa polisi, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kuwa sheria iliyofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai inakiuka Katiba.

Furaha ni mazoea, nayo mazoea hujengwa polepole. Mambo matatu usiku wa leo yanatosha kuanzia. Na ikiwa kwa majuma mawili hujapata hata moja la kuandika, usione haya kumwona daktari.