Kundi Dogo na Kosa Moja: Namna ya Kuwasaidia Wanafunzi Wanaolemewa na Kiswahili Shuleni

1. UTANGULIZI

Mwalimu yeyote wa Kiswahili katika shule zetu anamjua mwanafunzi tunayemzungumzia katika makala haya. Si mtoro, wala si mtovu wa adabu. Huandika kila anachoagizwa, hupeleka daftari lake kusahihishwa, hurudishiwa likiwa limejaa wino mwekundu, na muhula unaofuata huyarudia yale yale. Darasa linasonga mbele. Yeye anabaki nyuma, na kila mwaka umbali huo unaongezeka.

Elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bila malipo nchini Kenya mwezi wa Januari 2003, idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ilipanda upesi kutoka yapata milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Lilikuwa jambo la heri, lakini madarasa yalifurika, na mwalimu mmoja akajikuta mbele ya wanafunzi ambao viwango vyao vilitofautiana kama mchana na usiku. Tathmini za Uwezo, zilizoanza mwaka 2009 kwa kuwapima watoto majumbani mwao, zilitumia mtihani wa kiwango cha darasa la pili. Katika miaka ya mwanzo zilionyesha kwamba watoto wapatao 3 tu kati ya 10 wa darasa la tatu waliiweza kazi hiyo. Mtaala umebadilika tangu wakati huo, na darasa sasa huitwa gredi, lakini mwanafunzi huyu bado yupo.

Dawa inayopendekezwa mara nyingi ni kuwafundisha wanafunzi kama hawa katika vikundi vidogo. Makala haya yanakubaliana na pendekezo hilo, ila kwa sharti moja. Udogo wa kundi peke yake hauponyi. Kinachoponya ni kundi lililokusanywa kwa ajili ya kosa moja linalojulikana, likafundishwa juu ya kosa hilo, kisha likavunjwa. Na kwa kuwa kulitambua kosa la lugha ni kazi ya mwanaisimu, basi jambo hili linatuhusu sisi wa vyuo vikuu zaidi ya tulivyozoea kukiri.

2. KUNDI DOGO SI DARASA LILILOPUNGUZWA

Tutazame kwanza ushahidi kutoka kwingineko. Nchini India, shirika la Pratham liliendesha mpango ambao wasichana wa mtaani, waliopewa mafunzo mafupi, waliwachukua watoto wa darasa la tatu na la nne waliokuwa wameachwa nyuma na kuwafundisha misingi ya kusoma na kuhesabu. Kila kundi lilikuwa na watoto 15 hadi 20, kwa muda wa saa mbili hivi kila siku ya masomo. Abhijit Banerjee, Shawn Cole, Esther Duflo na Leigh Linden waliuchunguza mpango huo katika miji ya Mumbai na Vadodara, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2007. Waliona kwamba watoto dhaifu walinufaika kwa kiasi kikubwa. Lakini lipo jambo la pili ambalo halitajwi mara nyingi: wale waliobaki darasani na mwalimu wao, ingawa darasa lao sasa lilikuwa dogo zaidi, hawakuonyesha maendeleo ya kutajika. Kupungua kwa vichwa hakukutosha.

Ushahidi wa pili unatoka hapa kwetu. Duflo, pamoja na Pascaline Dupas na Michael Kremer, walifanya utafiti katika shule 121 za msingi magharibi mwa Kenya kuanzia mwaka 2005, wakachapisha matokeo mwaka 2011. Kila shule iliongezewa mwalimu wa mkataba ili darasa la kwanza ligawanywe mara mbili. Katika takribani nusu ya shule hizo watoto waligawanywa kwa bahati nasibu. Katika zile nyingine waligawanywa kufuatana na alama zao za mwanzo. Mgawanyo wa pili uliwafaa zaidi wanafunzi, wenye nguvu na wanyonge pia, kwa kuwa mwalimu aliweza kufundisha katika kiwango walichokuwa nacho wanafunzi waliokuwa mbele yake.

Funzo tunalolipata ni kwamba kiwango cha somo hutangulia idadi ya wanafunzi. Hata hivyo, neno "kiwango" ni pana mno kwa mwalimu wa lugha. Wanafunzi wawili waliopata alama 30 kwa 100 wanaweza kuwa na maradhi mawili yasiyohusiana kabisa.

Mwandishi wa makala haya alijifunza hilo kwa aibu. Kabla ya kuja chuoni alifundisha katika shule moja ya upili, na kila alasiri aliwabakisha wanafunzi waliopata alama za chini. Aliwarudia somo la asubuhi, polepole zaidi na kwa sauti kubwa zaidi. Mwishoni mwa muhula alilipekua daftari la msichana mmoja ambaye hakuwa amesogea hata hatua. Alikuta kwamba makosa yake karibu yote yalikuwa kosa moja, lililosahihishwa kwa mkono wa mwandishi mwenyewe ukurasa baada ya ukurasa, bila ya kutambua kwamba lilikuwa moja. Msichana yule hakuwa mzito wa kuelewa. Mwalimu wake hakuwa amesoma alichokuwa akikisahihisha.

3. KUPANGA KWA KOSA

Katika Kiswahili makosa yanayowakwamisha wanafunzi yanaweza kuwekwa katika mafungu yanayotambulika. Tutataja matatu.

(a) Makosa ya kusoma silabi. Tahajia ya Kiswahili ni ya haki: herufi husomwa karibu kama zilivyoandikwa. Kwa hiyo mtoto aliyeshika "ba, be, bi" huonekana kuwa amekwisha kujua kusoma. Mpeni maneno "nywele", "machweo" na "ng'ombe", naye atasimama. Wengine hutatizwa na herufi "m": katika "mtoto" ni silabi kamili, m-to-to, lakini katika "mbuzi" imeungana na konsonanti inayofuata, mbu-zi. Mtoto wa namna hii hahitaji hadithi ndefu zaidi. Anahitaji wiki chache za silabi hizo tu.

(b) Makosa ya sauti yatokanayo na lugha ya kwanza. Mzungumzaji wa Kikuyu, ambaye lugha yake haizitofautishi l na r, huweza kuandika "kura" akikusudia "kula". Mjaluo, ambaye lugha yake haina sh wala z, huandika "suka" badala ya "shuka", na "zamani" ikawa "samani". Mkalenjin, ambaye lugha yake haitenganishi k na g kwa kuzitofautisha maana, huweza kuchanganya "koti" na "goti". Kuwaweka watatu hawa pamoja kwa sababu tu wote wamefeli imla ni kuwapotezea wakati. Kila mmoja anahitaji jozi zake za maneno, azisikie kwanza, azitamke, kisha aziandike. Na ikiwa tatizo liko katika matamshi tu, wala halifiki katika maandishi au kuharibu maana, haifai mtoto atolewe darasani kwa ajili yake.

(c) Makosa ya upatanisho wa kisarufi. Hili ndilo lililokuwa kosa la msichana tuliyemtaja. Aliandika "kitabu yangu imepotea" na "viti hizi zimevunjika". Tukitazama kwa makini tutaona kwamba hakukosea ovyo. Alikuwa na kanuni: amevichukua vitu vyote visivyo na uhai na kuviweka katika ngeli ya I-ZI, kama wafanyavyo wazungumzaji wengi wa Kiswahili cha mitaani Nairobi. Kumwambia "umekosea" ni kumwacha alipo, kwa maana kanuni yake inamtumikia vyema kila siku nje ya darasa. Aonyeshwe kanuni zote mbili kandokando, apange nomino za KI-VI, za LI-YA na za U-ZI katika mafungu, na aelezwe ni wapi kila kanuni inatakiwa.

4. MWENDO WA KUNDI

Kwa kuzingatia hayo, tunapendekeza utaratibu ufuatao.

Kwanza, mwalimu afanye uchunguzi mfupi: imla ya maneno 10 yaliyochaguliwa kwa makusudi, aya moja ya kusomwa kwa sauti, na sentensi 5 za mwanafunzi mwenyewe. Makosa yahesabiwe kwa aina, si kwa alama.

Pili, kundi liwe na wanafunzi 4 hadi 6 wenye kosa la aina moja. Wakizidi hapo, wapo watakaojificha nyuma ya sauti za wenzao.

Tatu, vipindi viwe vifupi, dakika 20 hadi 30, mara tatu kwa wiki, na visile wakati wa michezo. Mtoto anayekoseshwa mpira kwa sababu ya Kiswahili atakichukia Kiswahili.

Nne, baada ya wiki sita hivi uchunguzi urudiwe. Aliyepona atoke. Kundi lisilovunjwa hugeuka kuwa mkondo wa kudumu, na watoto wenyewe hulipa jina haraka sana. Jina hilo halina heshima.

5. PINGAMIZI

Itaulizwa: mwalimu mwenye wanafunzi 60 atawaacha na nani wale 55? Swali hili ni la haki, na halijibiki kwa nasaha. Wakati mwingine walimu wawili wa gredi moja wanaweza kuyaunganisha madarasa yao kwa kipindi cha kusoma kimya, mmoja akasimamia na mwingine akalichukua kundi.

Pingamizi la pili ni kwamba msaada huu utageuzwa kuwa tuisheni ya kulipiwa. Hofu hiyo ina msingi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilipiga marufuku tuisheni za likizo, na ni dhahiri kwamba mtoto anayelemewa zaidi ndiye ambaye mzazi wake hana cha kulipa. Kwa hiyo vikundi hivi sharti viwe ndani ya ratiba ya shule na bila malipo, au visiwepo.

6. HITIMISHO

Kila mwaka idara zetu huwapeleka wanafunzi katika mazoezi ya kufundisha. Wanakwenda na maandalio ya somo la darasa zima, nasi twakaa nyuma ya darasa tukiwapa alama kwa ubao mzuri na sauti iliyosikika. Hatuwaulizi kama waliweza kulitambua kosa moja la mtoto mmoja na kulieleza. Tukiwapa kila mmoja kundi moja la watoto watano, kwa muhula mmoja, na kudai ripoti ya makosa waliyoyaona, shule zitapata mikono inayohitajika, nasi tutapata maelezo ya Kiswahili cha watoto wetu ambayo hatuna budi kuwa nayo ikiwa tunataka kuandika vitabu vinavyowafaa.

Isimu tunayoifundisha juu ya fonimu na ngeli haikukusudiwa kuishia katika karatasi za mtihani wa chuo. Yuko mtoto anayeandika "kitabu yangu" leo hii, na mwalimu wake anaushika wino mwekundu.