Mtoto Amepimwa Uzito, Mama Je? Sonona Wakati wa Ujauzito na Baada ya Kujifungua

Katika kata ya Kansay, wilayani Karatu, kama ilivyo kwingineko nchini Tanzania, mwanamke huonana na watoa huduma za afya mara nyingi zaidi katika kipindi cha uzazi kuliko katika kipindi kingine chochote cha maisha yake. Huanza na kliniki ya wajawazito, akafika kwa mkunga siku ya kujifungua, kisha akarudi na mtoto kwa chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na baadaye mwezi wa 9 na wa 18. Kila anapofika, mtoto hutundikwa kwenye mizani na uzito wake huandikwa katika kadi. Mama aliyembeba mgongoni kutoka shambani kwenye mahindi na mbaazi huulizwa habari za maziwa, za homa na za uzazi wa mpango. Mara nyingi haulizwi habari za moyo wake.

Pengo hilo lina gharama. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwanamke mmoja kati ya kumi duniani hupata maradhi ya akili akiwa mjamzito, na asilimia 13 baada ya kujifungua. Katika nchi zinazoendelea viwango hivyo hufikia asilimia 15.6 na 19.8. Maradhi yanayoongoza ni sonona. Yanatambulika, na yanatibika. Kinachohitajika kwanza ni mtu wa kuuliza.

Machozi ya siku za mwanzo na sonona

Si kila machozi baada ya kujifungua ni ugonjwa. Wanawake wengi, pengine zaidi ya nusu, hupatwa na hali ya kulia kwa urahisi, kukasirika upesi na kujawa na wasiwasi kati ya siku ya tatu na ya tano baada ya kujifungua. Homoni zilizokuwa juu wakati wa ujauzito hushuka ghafla, usingizi hukatika, na mwili bado una maumivu. Hali hii hupungua yenyewe ndani ya wiki mbili, mama akipewa mapumziko, chakula na maneno mema.

Sonona ni jambo jingine. Humkaa mama kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku na kwa sehemu kubwa ya siku. Dalili zake kuu ni mbili: huzuni isiyoondoka, na kupotea kwa hamu na furaha hata katika yale aliyoyapenda. Pamoja nazo huweza kuja kukosa usingizi, kukosa hamu ya kula, uchovu, kushindwa kuamua mambo madogo, kujiona hafai kuwa mama, na mawazo ya kufa. Inaweza kuanza katika ujauzito wenyewe, na mara nyingi sonona inayogunduliwa baada ya kujifungua ilikwisha kuanza kabla mtoto hajazaliwa.

Ugumu wa kuitambua ni kwamba baadhi ya dalili hizo hufanana na hali ya kawaida ya uzazi. Kila mwenye mtoto mchanga amechoka, na kila mjamzito wa miezi minane hulala kwa shida. Lipo swali linalosaidia kutenganisha: je, mtoto anapolala na nyumba ikatulia, mama naye hulala? Aliyechoka tu hulala mara moja. Mwenye sonona au wasiwasi mkali hubaki macho, akitazama paa.

Wasiwasi nao huambatana na sonona mara nyingi. Mama huamka mara kadhaa usiku kuhakikisha kuwa mtoto anapumua, au hujiwa na picha za mtoto kudhurika, picha ambazo yeye mwenyewe zinamtisha na kumtia aibu. Tena, wanawake wengi hawasemi kuwa wana huzuni. Husema kichwa kinauma, moyo unakwenda mbio, mwili hauna nguvu, au kwamba wana mawazo mengi. Mtoa huduma anayesikia malalamiko hayo kwa mara ya tatu bila kupata chanzo mwilini anapaswa kugeukia habari za moyo. Hata hivyo, asisahau kupima upungufu wa damu na maradhi ya tezi ya shingo, kwa kuwa hayo pia huleta uchovu na kuvunjika moyo.

Somo la Kasangati

Kwa muda mrefu baadhi ya madaktari wa Ulaya waliamini kuwa sonona ilikuwa nadra Afrika. Mmoja wa waliokwenda kutazama wenyewe ni daktari wa akili Mwingereza John Cox. Akiwa Uganda katika miaka ya 1970, aliwachunguza wajawazito 263 waliohudhuria kliniki ya Kasangati, nje kidogo ya jiji la Kampala. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1979 yalionyesha kuwa maradhi ya akili yalikuwa mengi zaidi kwa wajawazito hao kuliko kwa wanawake aliowalinganisha nao. Baadaye, akiwa Uskoti, Cox na wenzake Jenifer Holden na Ruth Sagovsky walitunga kipimo cha maswali kumi, kilichochapishwa mwaka 1987 na kupewa jina la Edinburgh. Leo kipimo hicho hutumika katika nchi nyingi, Tanzania ikiwemo.

Cox aliandika pia juu ya maradhi ambayo Waganda huyaita *amakiro*, yaani kurukwa na akili baada ya kujifungua, yaliyosadikiwa kutokana na uzinzi wa wazazi wakati wa ujauzito. Jamii hiyo, basi, ilikuwa imekwisha kuutambua ugonjwa na kuupa jina. Lakini jina lenyewe lilibeba hukumu.

Majina yanayomlaumu mama

Jambo hilo halikuishia Uganda. Katika sehemu nyingi za Tanzania, mtoto anayedhoofu husemwa kuwa *amebemendwa*: kwamba wazazi, na hasa mama, hawakujizuia wakati wa kunyonyesha. Tafiti kutoka nchi mbalimbali zimeonyesha uhusiano kati ya sonona ya mama na udumavu au utapiamlo wa mtoto. Mama asiye na nguvu ya kuamka hushindwa kunyonyesha kwa wakati, hushindwa kuandaa uji na huchelewa kumpeleka mtoto kliniki. Mstari wa ukuaji ukishuka katika kadi, huenda chanzo kimekaa kwenye benchi kikimshika mtoto, na kinasubiri kulaumiwa.

Kwa Wairaqw, ambao ni wengi katika Karatu na Mbulu, kuna jambo linalogusa huzuni ya uzazi kwa namna ya pekee. Wanaanthropolojia, miongoni mwao Katherine Snyder, wameeleza hali iitwayo *metimani*. Mwanamke aliyepoteza mimba, aliyezaa mtoto mfu au aliyefiwa na mtoto anayenyonya alihesabiwa kuwa amebeba uchafu wa kimila. Alitengwa kwa muda na majirani. Hakuingia katika nyumba za watu wala kushirikiana nao kama kawaida. Nia ya mwiko huo ilikuwa kuikinga jamii, si kumtesa mfiwa, na kwa vizazi vya karibuni umelegea. Hata hivyo matokeo yake kwa moyo wa mwanamke yanaeleweka. Alibaki peke yake katika wakati ambao upweke ni hatari zaidi.

Mfumo wa kisasa wa afya, ingawa hauna mwiko huo, humtenga mfiwa kwa njia yake. Mama ambaye mtoto wake amefariki hana kadi ya chanjo. Haitwi wiki ya 6, wala ya 10. Maziwa yanajaa matiti bila wa kunyonya, na hakuna siku ya kliniki iliyopangwa kwa ajili yake. Huyu ndiye anayepaswa kutafutwa kwanza. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii akimtembelea nyumbani ndani ya wiki ya kwanza, akamtaja mtoto kwa jina kama alipewa jina, akamruhusu mama asimulie yaliyotokea, tayari ameanza tiba.

Walio katika hatari zaidi

Sonona haichagui, lakini wapo inaowafikia kwa urahisi: aliyewahi kuugua sonona kabla, mwenye ndugu wa damu mwenye maradhi ya akili, binti aliyepata mimba bila kutarajia na kufukuzwa nyumbani, anayeishi na Virusi vya UKIMWI, na asiye na msaada wa mume wala wa ndugu. Ukatili wa mwenza una uzito wa pekee. Katika utafiti uliofanyika Moshi na kuchapishwa mwaka 2017, ambao uliwafuatilia wanawake zaidi ya 1,000 tangu ujauzito, waliokuwa wamefanyiwa ukatili na mwenza walikuwa na uwezekano wa takriban mara tatu wa kupata sonona baada ya kujifungua. Kwa hiyo anayeuliza juu ya huzuni awe tayari kusikia habari za kipigo, na ajue mahali pa kumwelekeza mama kwa usalama.

Maswali mawili

Zahanati yenye foleni ndefu haina nafasi ya mahojiano ya saa nzima. Lakini yapo maswali mawili yanayochukua dakika moja:

*Mama, katika mwezi uliopita umekuwa ukisumbuliwa mara kwa mara na huzuni, kuvunjika moyo au kukata tamaa?*

*Katika mwezi huo, umekuwa ukikosa hamu au furaha katika mambo unayoyafanya?*

Jibu la ndiyo kwa swali lolote kati ya hayo si hukumu ya ugonjwa. Ni sababu ya kukaa naye zaidi na kutumia kipimo kamili. Maswali yaulizwe faraghani, mume na mama mkwe wakiwa nje, na katika lugha ambayo moyo wa mama unasemea. Kwa mama wa Kansay lugha hiyo huenda ikawa Kiiraqw, na mkalimani asiwe mtu wa nyumbani kwake.

Swali la kujidhuru lisikwepwe. Kumuuliza mtu kama amefikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Mara nyingi humpunguzia mzigo wa kulibeba peke yake.

Tiba

Kwa sonona isiyo kali, tiba ya kwanza ni mazungumzo yenye utaratibu: kumsaidia mama kuyatambua mawazo yanayomvunja moyo, kurejea hatua kwa hatua katika shughuli zinazompa nguvu, na kutengeneza uhusiano wake na walio karibu naye. Tiba hii haihitaji daktari bingwa. Katika vijiji vya Pakistani, Atif Rahman na wenzake waliwafundisha wahudumu wa afya wa kike wa vijijini kuitoa wakati wa ziara zao za kawaida za nyumbani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kuwa baada ya miezi sita, asilimia 23 tu ya akina mama waliotembelewa hivyo walibaki na sonona, ikilinganishwa na asilimia 53 ya wengine. Vijiji vya Karatu navyo vinaweza kunufaika kwa njia kama hiyo, ikiwa wahudumu wa jamii watafundishwa na kusimamiwa.

Kwa sonona ya kati au kali, dawa hutumika pamoja na mazungumzo. Hofu ya wengi ni maziwa. Zipo dawa za sonona, kama sertralini, ambazo hupita katika maziwa kwa kiasi kidogo sana, na kwa kawaida mama huendelea kunyonyesha. Dawa huanza kuleta nafuu baada ya wiki mbili hadi nne, hivyo mama asiiache kwa kuona haijasaidia siku ya tano. Akishapona huendelea nayo kwa miezi sita au zaidi kwa ushauri wa daktari. Amitriptilini, iliyo rahisi kupatikana, ni hatari ikimezwa kwa wingi; nyumbani itunzwe na ndugu anayeaminika.

Kabla ya kuandika dawa, daktari aulize kama mama amewahi kuwa na kipindi cha furaha iliyopindukia, maneno mengi na kutolala bila kuchoka. Hiyo huashiria ugonjwa wa bipola, ambao tiba yake ni tofauti, na ambao dawa ya sonona peke yake inaweza kuuchochea. Valproeti, inayotumika kwa bipola na kifafa, haifai kwa mjamzito kwa kuwa huweza kumdhuru mtoto tumboni. Lakini mwanamke asiache dawa yake ghafla; amwone daktari, ikiwezekana kabla ya kushika mimba.

Dharura isiyosubiri asubuhi

Katika kila uzazi 1,000, mwanamke mmoja au wawili hupatwa na saikosisi ya uzazi. Huanza ghafla, kwa kawaida ndani ya wiki mbili za mwanzo: mama halali kabisa, husikia sauti, huongea yasiyoeleweka, humshuku mume, au huamini kuwa mtoto si wake au ana pepo. Hapo hatari ni kwa wote wawili. Mama asiachwe peke yake na mtoto, asifungwe kamba, asipelekwe kwanza kuombewa wala kuaguliwa. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Huko atapimwa pia maambukizi ya uzazi, malaria na kifafa cha mimba, ambavyo navyo huweza kuvuruga akili. Akitibiwa, kwa kawaida hupona vizuri. Lakini katika uzazi ujao wakunga wajulishwe mapema, kwani hali hii huweza kurudi.

Wajibu wa nyumbani

Tiba ya zahanati haitoshi pasipo msaada wa nyumba. Mume akichota maji, mama mkwe akimpokea mtoto usiku mmoja ili mama alale saa tano mfululizo, jirani akiingia na chungu cha uji bila kuuliza kwa nini nyumba haijafagiliwa, hao wote wanatibu. Maneno kama "wenzako wamezaa kumi na hawakulia" huongeza ugonjwa.

Siku ya kliniki, mtoto atatundikwa tena kwenye mizani na uzito wake utaandikwa. Kabla kadi haijafungwa, muuguzi ana dakika moja ya kumgeukia aliyemleta na kumuuliza: "Na wewe, mama, moyo wako u hali gani?"