Baiti mbili za kuamua nani apige hesabu

IBM ilipoanza kuuza PC yake mwaka 1981, ndani yake palikuwa na soketi tupu kando ya prosesa ya Intel 8088. Soketi hiyo ilikuwa ya 8087, chipu ya hesabu za desimali zenye nukta inayohama. Wengi hawakuinunua. Mwandishi wa programu ya uhandisi, basi, hakuwa na namna ya kujua kama mashine ya mteja ina chipu hiyo au haina.

Angeweza kuuza matoleo mawili. Angeweza pia kuifanya programu iulize kabla ya kila kujumlisha na kila kuzidisha, lakini hapo aliyeinunua chipu kwa ajili ya kasi angecheleweshwa na maswali yasiyokwisha.

Kompaila za Microsoft na Borland zilipata njia ninayoiona kuwa miongoni mwa kazi safi kabisa za ufundi huu. Amri ya 8087 kwa kawaida ilianza na baiti mbili, kwa mfano 9B D8. Amri ya kukatiza kazi na kuita msaada nayo ina baiti mbili: CD, kisha namba ya msaada unaotakiwa. Urefu ni ule ule, kwa hiyo moja hukaa mahali pa nyingine bila kusogeza chochote. Programu iliandikwa diskini ikiwa na CD 34 pale palipostahili 9B D8.

Prosesa ilipofika hapo, iliruka kwenda kwa msaidizi, yaani kipande kingine cha programu. Kama chipu haipo, msaidizi alisoma sehemu iliyobaki ya amri na kupiga hesabu mwenyewe kwa namba kamili, polepole lakini kwa usahihi. Kama ipo, alifuta CD 34, akaandika 9B D8, akarudisha kazi pale pale. Mzunguko wa mara elfu moja ulilipa gharama mara ya kwanza tu. Zilizobaki zilikwenda moja kwa moja kwenye chipu.

Leo mifumo mingi huzuia programu kujiandika upya namna hiyo, na kwa sababu nzuri za usalama. Badala yake, tangu toleo la 6 la mwaka 2016, kompaila ya GCC inaweza kutunga nakala kadhaa za funksheni moja, kila moja kwa aina yake ya prosesa. Programu inapopakiwa, prosesa huulizwa uwezo wake na nakala moja huchaguliwa.

Kinachonisumbua ni jibu lenyewe. Prosesa yenye amri ya kuzidisha na kujumlisha kwa pamoja hukadiria tarakimu za mwisho mara moja, ilhali isiyo nayo hukadiria mara mbili. Data ile ile, programu ile ile, lakini tarakimu za mwisho zinaweza kutofautiana kati ya mashine mbili. Anayelinganisha matokeo ya utafiti anastahili kujua hilo mapema, na kuizuia kompaila kuunganisha hatua hizo kwa swichi ya -ffp-contract=off, hata kama kasi itapungua.